Sindano za Wachina: Ipi Ni Dawa, Ipi Ni Maneno?

Siku hizi si lazima mtu aende Nairobi ndipo akutane na dawa ya Kichina. Iko sokoni, iko kwenye stendi ya matatu, na mara nyingine inaletwa mpaka kwenye mkutano wa kikundi. Mgeni anaomba dakika tano tu za kusalimia. Akishapewa anafungua mkoba, anatoa chai ya kusafisha damu, plasta za mgongo, na vidonge ambavyo, kwa kumsikiliza, havijui kushindwa na ugonjwa wowote. Wengine wanakuja na kamashine: unashika kijiti mkononi, kompyuta inaandika ati figo zako zimechoka na ini lako pia limechoka, na bahati nzuri dawa yake iko papo hapo mezani. Wengine tena wanasema wao hutibu kwa kuchoma sindano, yaani akupancha.

Wanakikundi wanabaki wakitazamana. Je, watoe pesa ya mzunguko kununua? Je, mama fulani anayelia na mgongo kila siku, aende akachomwe hizo sindano?

Tukisema yote ni uongo, tutakuwa tumekosea. Tukisema yote ni dawa kwa kuwa Wachina wameitumia miaka elfu mbili, tutakosea vibaya zaidi. Iko dawa moja ya Kichina ambayo karibu kila nyumba katika sehemu zetu zenye malaria imeshaimeza, na wengi hawajui kwamba asili yake ni China. Hiyo tutaifikia. Kwanza tuanze na sindano.

SINDANO ZENYEWE

Sindano ya akupancha si kama ile ya dispensari. Haina tundu na haina dawa ndani. Ni kipande cha chuma chembamba sana, karibu kama unywele. Mtaalamu huzichoma sehemu fulani za mwili, pengine mkononi, mguuni, sikioni au mgongoni, na kuziacha hapo kama nusu saa hivi mgonjwa akiwa amelala. Mara nyingine huzizungusha kidogo kwa vidole. Mara nyingine huchoma majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga karibu na ngozi, mpaka mgonjwa asikie joto. Wachina huyataja haya mawili kwa jina moja, zhenjiu, yaani sindano na moto.

Tena wana vikombe vya kuvuta ngozi. Hapa wazee wetu hawatashangaa, maana kuumika kwa pembe kumejulikana Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na pwani watu husema kupiga chuku.

Mafundisho yake ni haya. Ndani ya mwili mna nguvu iitwayo qi (tamka "chi"). Inatembea katika njia kubwa 12, kama maji kwenye mifereji ya shamba. Mfereji ukiziba, upande mmoja unakauka na mwingine unafurika, na huo ndio ugonjwa. Sindano ni ya kuzibua. Vituo vya kuchoma katika njia hizo huhesabiwa 361. Kabla ya kuchoma, mtaalamu huangalia ulimi wa mgonjwa na kusikiliza mapigo ya mshipa kwenye vifundo vya mikono yote miwili. Mengi ya haya yamo katika kitabu cha kale kiitwacho Huangdi Neijing, kilichokusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Wakristo wengine huuliza kama huu ni uchawi. Mtu anayechoma sindano haiti roho yoyote wala hapigi ramli. Mafundisho ya qi yalikuwa jitihada za watu wa zamani, wasio na hadubini wala eksirei, kujaribu kueleza mwili unavyofanya kazi. Sisi pia wazee wetu walikuwa na maelezo yao. Lakini tuseme ukweli: waliopasua mwili na kuuchunguza wameona mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Hizo njia 12 hawakuziona.

Wachina wenyewe walishabishana sana juu ya jambo hili. Mwaka 1822 mfalme wao aliamuru akupancha isifundishwe tena katika chuo cha matabibu wa ikulu. Mwaka 1929 palitolewa pendekezo la kuimaliza kabisa tiba ya kienyeji nchini mwao, na matabibu wakafunga maduka kwa kupinga. Kwa hiyo mtu akikwambia ati Wachina wote tangu zamani hawajawahi kuitilia shaka, jua hajasoma historia yao.

MADAKTARI WA MIGUU PEKU

Kilichoirudisha ilikuwa shida. Wakomunisti waliposhika serikali mwaka 1949, China ilikuwa na watu zaidi ya milioni 500, na madaktari waliosomea tiba ya kisasa walikuwa wachache mno, tena karibu wote wakikaa mijini. Mwenyekiti Mao aliamuru tiba ya kienyeji na ya kisasa zishirikiane. Mwaka 1965 akailaumu Wizara ya Afya kwamba inahudumia watu wa mjini tu na kusahau vijiji.

Hapo ndipo walipotokea watu ambao kila kikundi cha kujisaidia kinafaa kuwajua. Waliitwa madaktari wa miguu peku, kwa sababu wakulima wa mpunga huko kusini huingia shambani bila viatu. Walikuwa watoto wa wakulima. Kijiji kilichagua kijana anayejua kusoma, akapelekwa mafunzoni kwa miezi mitatu mpaka sita, kisha akarudi kijijini kwake. Nusu ya wakati alilima kama wengine na nusu alitibu. Malipo yake yalitoka kwa kijiji, si kwa mgonjwa mmoja mmoja. Kufikia miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja.

Kwenye sanduku lake mlikuwa na dawa ya vidonda, bandeji, vidonge vichache, mitishamba ya pale pale kijijini, na sindano za akupancha. Kwa nini sindano? Kwa sababu zilikuwa rahisi. Dawa za kiwandani hazikutosha, lakini chuma kile kiliweza kuchemshwa na kutumika tena. Mgonjwa wa mgongo au wa kichwa hakurudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini tukiangalia kazi yao yote, kwa maoni yetu si sindano iliyobadilisha vijiji. Walichanja watoto, walifundisha kuchimba vyoo na kuchemsha maji ya kunywa, walimtambua mgonjwa mahututi mapema na kumpeleka mbele. Mwaka 1978, mataifa yalipokutana Alma-Ata kuzungumza juu ya huduma ya afya ya msingi, mfano wa China ulikuwa mmojawapo wa mifano iliyowavutia. Huduma ya afya vijijini tunayoijua hapa kwetu ina damu ya mkutano ule.

Mwisho wao pia una jambo la kujifunza. Miaka ya 1980 mashamba ya pamoja yalivunjwa, kila familia ikalima peke yake, na ule mfuko wa kijiji uliomlipa daktari wa miguu peku ukaisha. Wengi waliacha kazi. Mwaka 1985 serikali ililiondoa jina lenyewe, na waliofaulu mtihani wakaitwa madaktari wa vijiji. Hapa Kenya, Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wakiwa na mikoba yao. Swali la nani atamlipa mtu huyu, na kwa miaka mingapi, ni lile lile la China.

JE, SINDANO ZINAPONYA?

Sifa za akupancha zilienea Marekani kwa ajili ya mtu mmoja. Julai 1971 James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times, alishikwa na kidole tumbo akiwa Peking. Watu husimulia kwamba alipasuliwa akiwa macho, kwa sindano tu bila dawa ya ganzi. Sivyo alivyoandika yeye mwenyewe. Alipasuliwa kwa ganzi ya kawaida. Ni usiku wa pili, tumbo lilipojaa hewa na kumsumbua, ndipo alipochomwa sindano tatu, kwenye kiwiko na chini ya magoti, na akapata nafuu. Ona jinsi habari inavyokua ikipita mdomo hadi mdomo! Hata hapa kijijini tunajua.

Baadaye watafiti walianza kupima. Kipimo kimoja kizuri kilifanyika Ujerumani na kutolewa mwaka 2007. Walichukua wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, wakawagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza walichomwa sindano kwenye vituo vya Kichina. La pili walichomwa sindano za kuigiza, yaani juu juu tu na mahali pasipo na kituo chochote, bila wao kujua. La tatu walipewa dawa za maumivu na mazoezi kama kawaida ya hospitali. Baada ya miezi sita waliopata nafuu walikuwa hivi: sindano za kweli, 47.6 kwa kila 100. Sindano za kuigiza, 44.2, huduma ya kawaida, 27.4.

Soma hizo namba mara mbili. Waliochomwa walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge na mazoezi. Hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye mgongo umemnyima usingizi. Lakini waliochomwa "vibaya" walikuwa karibu sawa na waliochomwa "vizuri". Kwa hiyo vile vituo 361 havionekani kuwa ndiyo siri. Pengine ni kule kulazwa ukapumzika, mtu akakushika, akakuuliza habari zako bila haraka, ukatumaini, na mwili ukapunguza maumivu kwa njia zake wenyewe. Mama aliyebeba mtungi wa maji miaka 30 bila mtu kumuuliza mgongo unasemaje, ataelewa.

Basi kwa maumivu ya mgongo, ya goti, au kichwa kinachorudi rudi, na kichefuchefu baada ya upasuaji, akupancha inaweza kusaidia kiasi. Haiui vijidudu vya malaria. Haiondoi kifua kikuu, ukimwi, kisukari wala saratani. Mtu akikwambia uache dawa zako za kisukari au za ukimwi kwa sababu ya sindano au chai yake, huyo anakupeleka kaburini polepole, na akiwa amelipwa.

Halafu kuna usafi. Kila sindano lazima iwe mpya, imetoka kwenye pakiti iliyofungwa, na ikishatumika itupwe kwenye kisanduku chake. Katika jimbo la Rhode Island, Marekani, mwaka 1984, wagonjwa 35 wa kliniki moja ya akupancha waliambukizwa homa ya ini aina ya B. Ikiwa hilo liliwezekana kule, fikiria hema la sokoni. Ni habari ile ile ya wembe wa kuchanjia ambao tumeukataza kwa miaka mingi. Tena sindano ikichomwa kifuani na asiyejua inaweza kutoboa pafu.

DAWA ILIYOTOKA KWENYE KITABU CHA KALE

Sasa tuje kwa ile dawa ambayo wengi wetu tumeimeza.

Wakati wa vita vya Vietnam, malaria iliwamaliza askari kuliko risasi katika sehemu nyingine, na dawa ya klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Vietnam ya Kaskazini iliomba China isaidie. Tarehe 23 Mei 1967 mradi wa siri ulianzishwa, ukaitwa Mradi wa 523 kwa kufuata tarehe hiyo. Mwaka 1969 mwanamke mmoja wa Beijing, Tu Youyou, aliyezaliwa 1930, alipewa kuongoza kikundi cha kutafuta dawa katika mitishamba.

Alifanyaje? Hakuchukua tu alichosikia. Yeye na wenzake walitembelea matabibu wa kienyeji, wakasoma vitabu vya kale, wakakusanya maelekezo zaidi ya 2,000. Wakayachambua yakabaki 640, kisha wakaanza kuyajaribu kwa panya wenye malaria. Mmea mmoja uitwao qinghao, ambao sisi tunaujua kama artemisia, ulifanya vizuri siku moja na kushindwa siku nyingine. Karibu wakate tamaa.

Akarudi kwenye vitabu. Tabibu wa karne ya 4, Ge Hong, aliandika kwamba mgonjwa wa homa za vipindi achukue konzi ya qinghao, ailoweke kwenye maji, aikamue na kunywa. Tu Youyou alishtuka: mbona huyu mzee hakusema kuchemsha? Dawa nyingi za Kichina huchemshwa. Akafikiri, huenda moto ndio unaoiharibu. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, nyuzi 35 tu. Tarehe 4 Oktoba 1971, jaribio namba 191 liliua vijidudu vyote katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili waliimeza wenyewe kwanza kuona kama ina sumu, kisha wakawapa wagonjwa 21 katika kisiwa cha Hainan. Homa ikashuka. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli.

Maelekezo 2,000, na yaliyotoa dawa hii ya kuokoa dunia ni moja. Kitabu cha kale kilitoa fununu, lakini kupima ndiko kulikotoa dawa.

Hapa kwetu watu wengi wana artemisia bustanini na wanakunywa chai yake homa ikiwapata. Vikundi vingine vinaiuza. Dawa imo ndani, ni kweli. Shida ni kwamba mmea huu na ule havina kiasi sawa, na kikombe cha leo na cha kesho havilingani. Vijidudu vinapata dawa kidogo, havifi vyote, na vinavyobaki vinajifunza kuvumilia. Mtoto anachangamka siku mbili halafu homa inarudi, pengine usiku na gari hakuna. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutumia chai au majani ya artemisia kutibu au kuzuia malaria. Tayari vijidudu vinavyovumilia dawa hii kwa sehemu vimepatikana Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Ikishindwa, hatuna nyingine kama hiyo mkononi.

Na kama mtu anawashawishi mpande artemisia kwa biashara, ulizeni mnunuzi ni nani kabla ya kulima. Karibu na mwaka 2005 bei ilipanda sana, wakulima wa Afrika na Asia wakakimbilia kupanda, na kufikia 2007 bei ilikuwa imeanguka vibaya.

JINA LINALOFANANA

Mitishamba ina hatari nyingine ambayo haionekani kwa macho. Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina. Wengine baadaye walipata saratani. Mimea miwili ilikuwa na majina yanayokaribiana, han fang ji na guang fang ji, na ule wa pili una sumu ya figo. Ulipakiwa badala ya ule mwingine. Kila mmoja wa wanawake hao aliambiwa ni dawa ya asili, haina madhara. Kwa hiyo bidhaa ikiletwa kikundini, ulizeni imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na pakiti iwe imeandikwa kwa lugha mnayoisoma. Anayewaambia mtapata faida mkiingiza watu wengine chini yenu, huyo anauza kiti, si dawa.

Mahitaji ya dawa za Kichina yamefika mpaka kwenye mazizi yetu. Kuanzia mwaka 2016 machinjio manne ya punda yalipewa leseni Kenya, ngozi zikienda China kutengenezwa ejiao, gundi inayochemshwa kutoka ngozi ya punda na kuaminiwa huko kwamba inaongeza damu. Wizi wa punda ukaongezeka, na kina mama waliotegemea punda kuteka maji wakaanza kubeba kwa mgongo. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi ukomeshwe barani kote.

UKIPEWA AL

Homa ikimshika mtu, apimwe kwanza. Katika sehemu zenye malaria nyingi, mhudumu wa afya ya jamii anaweza kupima papo hapo kwa tone la damu kidoleni. Ikiwa ni malaria ya kawaida atapewa AL, zile tembe za manjano. Ndani mna dawa mbili, na zote mbili zilitengenezwa kwanza na Wachina: moja imetokana na qinghao na hufanya kazi haraka, nyingine hubaki damuni siku nyingi kumalizia. Mtu mzima humeza tembe 4 mara moja, kisha 4 tena baada ya saa 8, halafu 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla 24. Mtoto hupimwa uzito ndipo apewe kiasi chake. Zimezwe pamoja na chakula chenye mafuta au kikombe cha maziwa, kwa sababu bila mafuta ile ya pili haiingii damuni vizuri. Mtoto akitapika kabla ya nusu saa, arudiwe kupewa. Na zile mbili za mwisho, ambazo watu huzificha kwenye kabati kwa ajili ya homa ijayo baada ya kupata nafuu, nazo zimezwe.